Tusizibe Chupa Kabla ya Kupima: Hotuba kwa Watengenezaji wa Siki ya Mnazi

(Hotuba iliyotolewa Wete, Pemba, mbele ya vikundi vya usarifu wa vyakula, na kuandikwa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa masheha, mama zangu, dada zangu na ndugu zangu mliotoka Konde, Micheweni, Chake Chake na Mkoani, nakushukuruni kwa kunialika. Nimetakiwa nizungumzie siki ya mnazi, nami nimeomba ruhusa nishughulike na jambo moja tu katika kazi hii, nalo ni namna ya kuwa na hakika kwamba kilichomo ndani ya dumu kimemaliza kuchacha kabla hakijatiwa chupani. Habari za vibandiko, bei na masoko ya hotelini Unguja zina wataalamu wake, lakini zote hazitatufaa kitu ikiwa chupa itaripuka jikoni kwa mnunuzi, au ikiwa tulichomuuzia kwa jina la siki ni tembo, yaani utomvu uliogemwa mnazini, ambalo halijafika kuwa siki.

Tembo linaloteremshwa mnazini asubuhi ni tamu kwa sababu ya sukari, na sukari yenyewe ni nyingi: kwa kawaida ni baina ya gramu 12 na 18 katika kila gramu 100, na sehemu yake kubwa ni ya aina ile ile tunayotia katika chai. Hata hivyo ni nadra tembo kufika chini likiwa halijaanza kazi. Kibuyu cha mgema, makali ya kotama, upepo, na wadudu wanaotua kwenye karara lililokatwa, vyote huleta hamira ya asili, na kwa joto la kwetu kuchacha huanza kibuyu kikiwa bado kinaning'inia juu. Hamira hiyo huigawa sukari karibu nusu kwa nusu: nusu ya uzito wake hugeuka kilevi, na nusu nyingine hugeuka gesi ya kaboni dioksidi, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayotiwa katika soda. Baada ya hapo huja kundi jingine la vijidudu, yaani bakteria wa siki, ambao hukichukua kile kilevi pamoja na hewa na kukifanya asidi ya asetiki, na asidi hiyo ndiyo ukali wa siki. Kwa hiyo ndani ya dumu moja mna kazi mbili na wafanyakazi wawili. Wa kwanza hahitaji hewa, wa pili hawezi kufanya lolote bila ya hewa. Anayetaka kuziba chupa kwa salama lazima athibitishe kwamba wote wawili wamemaliza.

Hatari iko zaidi kwa yule wa kwanza, na ningependa tuitazame kwa hesabu kwa sababu hesabu yake inatisha kuliko maneno. Gramu 10 za sukari katika lita moja ni kama vijiko viwili vya chai na kidogo, na ulimi ulioshazoea ukali wa siki hauzioni kwa urahisi. Sukari hiyo ikiachwa ndani ya chupa iliyozibwa, na hamira ikawa hai, itatoa takriban lita mbili na nusu za gesi kwa kila lita ya siki. Gesi hiyo haina pa kutokea. Tena kiowevu chenye joto hakipendi kubeba gesi: maji ya nyuzi joto 30 hubeba chini ya nusu ya gesi hii ikilinganishwa na maji ya nyuzi joto 4, na kilichobaki husukuma kifuniko na kuta za chupa. Katika duka lisilo na friji hapa kwetu, shinikizo ndani ya chupa hiyo huweza kuzidi lile la gurudumu la gari dogo, ilhali wengi wetu tunatumia chupa za kioo zilizokwishatumika kwa sharubati au sosi, ambazo hazikutengenezwa kuhimili shinikizo lolote. Kioo kinapopasuka kwa namna hiyo hakimwagiki mezani tu, bali hurushwa, na aliyesimama karibu anaweza kupoteza jicho. Hilo ndilo linalonifanya nisisitize jambo hili hata mbele ya watu wenye uzoefu mkubwa kuliko wangu wa kukaa na madumu.

Sasa, tunajuaje kwamba sukari imekwisha? Wengi hutegemea povu. Povu likipanda wanasema linachacha, likitulia wanasema limekwisha. Dalili hiyo si ya uongo moja kwa moja, lakini haitoshi. Povu huweza kutulia kwa sababu dumu lina ufa mdogo penye kifuniko, gesi ikapitia pale na wewe usione kitu katika mpira wa kutolea gesi uliouchovya kwenye chupa ya maji. Huweza kutulia kwa sababu ya baridi ya usiku wakati wa kipupwe, hamira ikalala na sukari ikabaki pale pale. Kinyume chake pia hutokea: dumu lililomaliza kazi zamani, likisogezwa kutoka ghalani na kuwekwa penye jua la kaskazi, huanza kutoa viputo upya kwa sababu tu joto linaifukuza gesi iliyokuwa imeyeyuka ndani. Mtu akiona viputo hivyo hungoja bure, na mwingine asipoviona huziba kwa hatari. Kuhesabu siku nako hakufai, kwani tembo la mwezi wa Februari na tembo la mwezi wa Julai haliendi mwendo mmoja.

Kifaa kinachotutoa katika kubahatisha ni haidromita. Ni kijibomba cha kioo chenye uzito chini na ukanda wa namba juu, ambacho huelea ndani ya kiowevu, na kadiri kiowevu kinavyokuwa na sukari nyingi ndivyo kinavyoelea juu zaidi. Watengenezaji wa bia wa Ulaya walianza kukitumia tangu karne ya 18, na mpaka leo mtu anayetengeneza bia nyumbani kwake huko hafungi chupa hata moja kabla hajakisoma. Sisi hatuna haja na bia yao. Elimu yao ya kupima ndiyo tunayoihitaji, maana hamira inayofanya kazi katika shayiri yao na inayofanya kazi katika tembo letu ni ya ukoo mmoja, na gesi inayoripua chupa huko ndiyo inayoripua hapa.

Ruhusuni nieleze matumizi yake kwa utaratibu, maana kifaa kizuri kikisomwa vibaya hudanganya kuliko jicho. Chota kiasi cha mililita 150 kwa kikombe kilichochemshwa, na usirudishe ulichochota ndani ya dumu, kwa ajili ya usafi na kwa sababu nyingine ya sheria ya dini nitakayoitaja baadaye. Mimina sampuli hiyo kutoka kikombe kimoja hadi kingine mara kadhaa mpaka isitoe tena mapovu, kwani viputo vya gesi hung'ang'ania kwenye shingo ya haidromita na kuinyanyua, ukasoma sukari ambayo haipo. Kisha mimina katika mtungi mwembamba wa kupimia, tia haidromita taratibu, na uizungushe kwa vidole viwili ili viputo vilivyobaki vikatike. Ngoja itulie bila ya kugusa kuta za mtungi. Inama mpaka jicho liwe sawa na uso wa kiowevu. Utaona kwamba kiowevu kimepanda kidogo pale kinapokutana na kioo. Usisome pale juu, soma penye usawa wa chini. Namba utakayoiona ndiyo uzito wa kiowevu chako ukilinganishwa na maji, na maji safi ni 1.000.

Joto nalo liandikwe kila mara. Haidromita nyingi husanifiwa kwa nyuzi joto 20, nazo nyumba zetu huwa na nyuzi joto 28 hadi 31 kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kiowevu kikiwa na joto la nyuzi 30, haidromita husoma pungufu kwa takriban nukta mbili na nusu, na ninaposema nukta nakusudia sehemu moja ya elfu. Kwa hiyo ukisoma 1.003 katika joto hilo, andika 1.0055. Anayesahau kusahihisha hivyo hudhani kazi imekaribia kwisha wakati bado ipo.

Kipimo cha kwanza kichukuliwe siku tembo linapopokewa, kabla halijachacha sana. Tembo jipya zuri mara nyingi litasoma baina ya 1.050 na 1.070. Hapa kuna faida ambayo wengi hawaitarajii. Wazee wetu wamesema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na haidromita huyaona maji hayo kabla hujalipa pesa: tembo la mgema yule yule, la saa ile ile, likishuka ghafla kutoka 1.060 hadi 1.040, ama lilikwishachacha kabla halijakufikia, ambapo ulimi na povu vitakwambia, au limeongezwa maji, na siki itakayotoka humo haitakuwa na ukali wa kutosha hata ukiingojea mwaka.

Baada ya hapo liache dumu likiwa limefunikwa, gesi ikiwa na njia ya kutokea, na usome tena povu litakapotulia. Namba itakuwa imeshuka sana. Usiridhike nayo, hata ikiwa nzuri kiasi gani. Soma tena baada ya siku mbili au tatu, kwa joto lile lile na kwa mkono ule ule ikiwezekana. Ikiwa namba mbili hizo zimelingana, sukari haipungui tena. Ikiwa ya pili imeshuka hata kwa nukta moja, ngoja na urudie. Nukta tano tu, ambazo kwenye ukanda wa haidromita ni mistari michache isiyotisha, ni sawa na zile gramu 10 za sukari nilizozihesabu hapo mwanzo.

Lakini kulingana kwa namba kuna masharti yake. Bia ya shayiri hutulia ikiwa na namba kama 1.010 au zaidi, kwa sababu ina aina ya wanga ambao hamira haiwezi kuula, na hiyo kwao ni sawa. Sukari ya tembo huliwa yote. Tembo lililomaliza hushuka hadi kwenye 1.000 au chini yake kidogo, kwa sababu kilevi ni chepesi kuliko maji. Kwa hiyo ukisoma 1.020 leo na 1.020 keshokutwa, usiseme limekwisha. Limekwama. Na tembo lililokwama ni la hatari kuliko linalochacha waziwazi, maana limekaa kimya na sukari yake tumboni, likingoja joto au mtikisiko wa gari la kwenda bandarini Mkoani.

Katika hali hiyo kuna jaribio moja ambalo nalipenda kwa sababu halihitaji maabara. Chota sampuli kama ya kikombe kimoja, itie hamira ya mkate kwa wingi, kijiko kizima cha chai, iweke mahali penye joto na uitikise mara kwa mara kwa siku moja au mbili. Kisha itoe gesi na uisome. Pale sampuli itakapotulia ndipo dumu lako lingepaswa kufika. Ikiwa sampuli imeshuka hadi 1.000 na dumu bado liko 1.020, umepata jibu. Sampuli hiyo imwagwe. Dumu lenyewe lihamishwe mahali penye joto zaidi na litikiswe kwa upole ili hamira iliyolala chini pamoja na mashapo ipande juu. Mara nyingi hilo hutosha kuliamsha.

Mtaniuliza kwa nini nisiseme mtie hamira ndani ya dumu lenyewe. Hapa ndipo inapokuja ile sababu ya kisheria. Sisi wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imam Shafi, na katika madhehebu haya kilevi kikigeuka siki chenyewe huwa twahara na ni halali, lakini kikigeuzwa kwa kutupiwa kitu ndani yake, hukumu yake si hiyo. Kulisogeza chombo kutoka kivulini kwenda juani hakudhuru. Mimi si faqihi, na suala la kuanzishia tembo jipya kwa siki ya zamani nawaombeni mlipeleke kwa masheikh wenu kabla ya kulifanya. Ninalolisema kwa upande wa ufundi ni kwamba siki inawezekana kabisa bila ya kutia kitu, kwa hewa, joto na subira, na kwamba mnunuzi wetu Mwislamu anayo haki ya kujua kuwa kilichomo chupani kimefika kikweli. Kupima kwetu, basi, si suala la biashara peke yake.

Tukija kwenye kazi ya pili, haidromita inatuaga. Kilevi kinapogeuka asidi, kiowevu huwa kizito tena kidogo, kwa hiyo namba hupanda badala ya kushuka, na hilo lisiwashitue. Vile vikaratasi vya kupimia pH, yaani namba inayoonesha ukali wa asidi, navyo havitoshi. Tembo lililochacha siku chache tu hufika karibu na pH 4, na kikaratasi hakiwezi kutofautisha baina yake na siki iliyokomaa kwa uhakika unaotakiwa. Tunachotaka kujua ni kiasi cha asidi. Marekani hutaka siki isiwe chini ya gramu 4 za asidi ya asetiki katika kila mililita 100, na nchi za Ulaya hutaka 5.

Kipimo chake ni cha matone. Chukua mililita 5 za siki kwa pipeti, yaani kijibomba cha kuvutia kiowevu kwa kipimo, ongeza maji yaliyochujwa kwa mvuke, tia matone matatu ya fenoftalini, ambayo ni dawa ya kuonesha rangi, kisha dondoshea hidroksidi ya sodiamu ya nguvu ya moli 0.1 kwa lita kutoka kwenye bireti, yaani bomba la kioo lenye vipimo na bilula chini, huku ukizungusha chupa. Kila tone litatoa wekundu unaopotea. Simama pale wekundu hafifu utakapobaki kwa nusu dakika bila ya kupotea. Zidisha mililita ulizotumia kwa 0.12 na utapata gramu za asidi katika mililita 100: mililita 34 ni gramu 4.08, siki iliyopita kwa Marekani ingawa si kwa Ulaya. Hidroksidi hiyo huunguza ngozi na macho, kwa hiyo glavu na miwani ni lazima, na watoto wasiwe karibu. Kikundi kimoja hakihitaji kununua vifaa hivi peke yake. Vikundi vya wilaya moja vinaweza kuchangia seti moja na kumfundisha kijana mmoja aliyesoma kemia sekondari.

Hapa pia rudia kipimo, wiki hadi wiki, dumu likiwa limefunikwa kwa kitambaa kinachopitisha hewa na kuzuia nzi wadogo wa matunda. Asidi itapanda, itapanda, kisha itasimama. Siku iliposimama ndiyo siku ya kutia chupani, na mtu asiichelewe akidhani siki huzidi kuwa bora kwa kukaa wazi. Kilevi kikishaisha, baadhi ya bakteria wale wale huanza kuila asidi waliyoitengeneza, na siki ya gramu 5 hurudi kuwa ya 4, halafu ya 3. Nimeona siki nzuri sana ikiharibika hivyo kwa uvumilivu wa mwenyewe. Na kwa kuwa bireti inahesabu asidi tu na haioni kilevi kilichobaki, shehena ya kwanza ya kila kikundi ipelekwe maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ipimwe kilevi, ndipo mjue kama utaratibu wenu unafikisha.

Yaliyobaki ni mepesi. Chuja, pasha moto hadi nyuzi joto 63 na ushikilie hapo kwa nusu saa katika sufuria ya chuma kisichoshika kutu, jaza chupa mpaka karibu na mdomo ili hewa isibaki, na tumia kifuniko cha plastiki, kwani asidi hula madini. Kila dumu liwe na ukurasa wake katika daftari wenye tarehe, joto na namba zote. Maofisa wa ZBS, yaani Taasisi ya Viwango Zanzibar, na wa Wakala wa Chakula na Dawa wakija, ukurasa huo utazungumza kwa niaba yenu kuliko maelezo yoyote ya mdomo.

Mama mmoja ameniuliza kabla hatujaanza, nini kifanyike kwa chupa ambazo zimekwishazibwa bila ya kupimwa na sasa zina shaka. Mama, usizitikise, na usizisogeze juani. Zifunike kwa gunia nene lililoloweshwa, ziache zipoe usiku kucha, kwenye barafu ikipatikana, maana baridi huirudisha gesi ndani ya kiowevu na kupunguza shinikizo. Asubuhi, ukiwa umevaa miwani na umezungushia taulo mkononi, legeza kifuniko cha moja baada ya moja kidogo kidogo, uso ukiwa mbali, mpaka isikike imemaliza kupumua. Kisha zimiminie zote katika dumu moja, uchukue sampuli, na uanze kusoma kuanzia hapo kama dumu jipya.